Majira, Dira na Mstari wa Ramani: Historia Fupi ya Msamiati wa Kuongoza Vyombo

Makala haya yanakusudia kuchunguza neno moja la kibaharia, yaani majira, pamoja na mahali lilipopotelea. Msomaji wa leo alisikiapo neno hili hufikiria wakati: majira ya mvua, majira ya mavuno, majira ya saa yatangazwayo redioni. Kamusi za kale za Kiswahili, hata hivyo, zinalipa maana nyingine pamoja na hiyo, nayo ni mwendo wa chombo baharini kwa kufuata upande uliochaguliwa wa dira. Nahodha alishika majira. Asili yake ni neno la Kiarabu majra, lenye maana ya njia ya kitu kinachokwenda au kutiririka, na ndilo walilolitumia waandishi wa elimu ya bahari wa karne ya 15 na ya 16 kwa maana hiyo hiyo ya kibaharia.

Hoja yetu ni kwamba lugha ya mabaharia wa pwani hii ilijua kuyataja majira ya safari kwa ukamilifu kabla hayajachorwa juu ya karatasi. Na kwamba ramani ya Kiingereza ilipokuja, mstari ulishika mahali pa maneno, na mafunzo ya mstari huo yakatolewa kwa lugha nyingine. Neno likabaki bila kazi. Jambo hili halihusu kamusi peke yake. Mtu yeyote atakaye kuwafundisha wavuvi wa Vanga au wa Kipini kuchora safari zao kwa Kiswahili hana budi kwanza apate jina la kitu cha kwanza anachokichora.

Tuanze na Ahmad bin Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, ambaye kitabu chake kikuu kiitwacho Fawa'id kilikamilika mnamo 1490 hivi, na ambaye pia alitunga utenzi mrefu juu ya njia ya kwendea Sofala. Yeye aligawa safari katika aina tatu: zile zinazofuata ukingo wa nchi, zile zinazokata bahari kuu moja kwa moja, na zile ambazo majira yake hubadilishwa njiani. Kila aina aliiita dira. Yafaa wanaisimu wakumbuke hilo, kwani sisi tumezoea kwamba dira ni chombo chenye sindano, nasi tunapoisikia katika mipango ya serikali, kama ile Dira ya Maendeleo 2025 ya Tanzania, tunadhani ni sitiari mpya. Katika maandishi ya bin Majid neno hilo lilikuwa tayari na maana ya njia iliyokusudiwa.

Duara la upeo wa macho liligawanywa katika sehemu 32, kila moja ikiwa digrii 11 na robo, nazo zilipewa majina ya nyota kwa mahali zinapochomoza na mahali zinapotua. Kaskazini ilikuwa Jah, ile nyota isiyohama; kusini-mashariki ilikuwa kuchomoza kwa Akrabu; na sehemu ya pili kutoka kusini, kwa upande wa mashariki, ilikuwa kuchomoza kwa Suheli. Kiswahili kilichukua baadhi ya majina haya na kuyapanua. Jaa ikabaki kaskazini. Matlai, ambalo asili yake ni mahali pa kuchomoza nyota yoyote, likawa mashariki. Suheli ikatoka katika sehemu yake nyembamba ikawa kusini nzima. Upanuzi huu hauonyeshi uzembe. Mvuvi aendaye mwambani na kurudi jioni hahitaji sehemu 32. Ahitajiye ni nahodha anayekata bahari.

Umbali ulihesabiwa kwa zam, yaani mwendo wa saa tatu, na mahali pa chombo kati ya kaskazini na kusini palijulikana kwa kupima kimo cha nyota kwa vidole. Kwa hiyo sentensi moja ya mwongozo ilikuwa na nyota ya kulenga, idadi ya zam, na vidole vya kukutana navyo mwisho wa safari. Atakayezoea kuchora juu ya ramani za leo atatambua mara moja kwamba mambo hayo matatu, mwelekeo, umbali na mahali, ndiyo yale yale yanayoandikwa kandokando ya mstari wa penseli.

Ushahidi mzuri wa tofauti kati ya maneno na mstari unapatikana Malindi. Mwaka 1498 mfalme wa mji huo alimpa Vasco da Gama kiongozi wa njia. Msafara ukang'oa nanga tarehe 24 Aprili na kuiona nchi ya Bara Hindi tarehe 18 Mei. João de Barros, katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1552, anasimulia kwamba kiongozi yule alimwonyesha Gama ramani ya pwani yote ya Bara Hindi. Ilikuwa na mistari ya latitudo na longitudo iliyosongamana, lakini haikuwa na mistari ya pepo, ile ambayo Wareno waliichora kutoka katika kila dira ya ramani zao ili kupimia majira. Wako waliosoma habari hii kama upungufu wa ramani ile. Kwa maoni yetu, ni kinyume. Majira hayakuchorwa kwa sababu makazi yake yalikuwa katika kumbukumbu, katika beti, na katika vitabu vya miongozo vilivyoitwa rahmani. Ramani ilikuwa ya kuonyesha nchi ilivyokaa tu.

Barros anamwita kiongozi huyo Malemo Caná. Malemo ni muallim, cheo cha mwongozaji chombo katika Bahari ya Hindi yote. Caná hufasiriwa kuwa ni kanaka, neno la Kihindi la mtaalamu wa hesabu za nyota. Msomaji Mswahili asishawishike kuliunganisha na kana, mti wa kushikia usukani, ijapokuwa kishawishi ni kikubwa. Ama dai kwamba mtu huyo alikuwa bin Majid mwenyewe, lilienea sana katika karne ya 20, lakini habari za Wareno zinamtaja kama Mgujarati, na bin Majid wakati huo alikuwa mzee.

Mistari ilifika kwa nguvu katika karne ya 19. Kati ya 1822 na 1826 merikebu za Kiingereza Leven na Barracouta, zikiongozwa na William Fitzwilliam Owen, zilipima pwani ya Afrika ya mashariki, na mabaharia wake wengi walikufa kwa homa. Jina la mmoja wao, Luteni Reitz aliyefariki mwaka 1824, lingali linasomeka Mombasa katika Port Reitz. Kazi yenyewe haikuwa ngeni kwa wenyeji. Walichokitupa Waingereza majini kujua kina ndicho Mswahili alichokiita bildi, na kipimo walichokiandika juu ya ramani kilikaribiana sana na pima, urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa. Kilichokuwa kigeni ni kwamba matokeo yaliandikwa na kuuzwa, hata mtu asiyewahi kufika Kilindini akaweza kuuchagua mlango wa kuingilia akiwa London.

Sasa tuutazame mstari wenyewe, maana hapa ndipo penye hatari ya maisha. Chukua chombo kidogo kinachotoka Shimoni kwenda Wete, Pemba. Njia ni kama maili 30 za baharini, kuelekea kusini-mashariki, karibu na kile alichokiita bin Majid kuchomoza kwa Akrabu. Mchoraji huweka rula kati ya mahali pawili, hupata digrii kutoka katika duara lililopigwa chapa juu ya ramani, kisha huandika mwelekeo huo kwa tarakimu tatu juu ya mstari, pamoja na herufi ya kuonyesha kama ni digrii za kaskazini ya kweli au za sindano. Chini ya mstari huandika mwendo kwa saa. Tuseme mwendo ni maili 5. Safari itachukua saa 6.

Lakini mkondo wa pwani hii huelekea kaskazini, na wakati wa kusi huzidi nguvu. Ukiwa wa maili 2 tu kwa saa, kwa saa 6 utakisukuma chombo maili 12, na nahodha aliyeufuata mstari wake kwa uaminifu hataiona Wete. Atafika kwenye Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya kisiwa. Akikosea kidogo zaidi, kisiwa kitampita upande wa kulia na mbele yake itakuwa bahari tupu. Ndiyo maana wachoraji wa Kiingereza huchora mistari mitatu: ule wa chombo kinavyoelekezwa majini huwekewa mshale mmoja, ule wa njia halisi juu ya ardhi mishale miwili, na ule wa mkondo mitatu. Bila alama hizo, mtu anayepokea usukani usiku hawezi kujua kama mwenzake alikwisha kuuhesabia mkondo au bado.

Katika Kiswahili tunayo majina ya mistari yote mitatu. Wenye mishale mitatu ni mkondo, na hapana haja ya kutafuta jingine. Wenye mishale miwili waweza kuitwa njia. Wenye mshale mmoja ndio majira: anayeshika usukani huambiwa majira, wala haambiwi njia. Nahodha wa jahazi alizijua tofauti hizi, kwani alipokwenda mbisho kuushinda upepo, majira yake yalibadilika kila alipopindua tanga ilhali njia yake ilibaki ile ile. Watungao vitabu vya mafunzo wangefanya vyema kulirudisha neno hili kuliko kuunda mengine kwa kutafsiri, kama "mwelekeo wa uendeshaji", ambalo nahodha hawezi kulipigia kelele katika upepo.

Kuhusu herufi zinazoandikwa baada ya tarakimu, msimamo wetu ni tofauti. Wapo watakaopenda kuweka K kwa kweli na S kwa sindano mahali pa T na M. Darasani hilo laweza kusaidia kwa siku chache. Juu ya ramani, hata hivyo, herufi za kimataifa ziachwe kama zilivyo, kwa kuwa karatasi hiyo hiyo, chombo kikipatwa na dhoruba, huenda ikasomwa na mwokozi asiyejua Kiswahili.