Dhamira tegemezi ya wakati uliopita katika Kifaransa

Hili ni umbo la kitenzi, kwa Kifaransa subjonctif imparfait, linalotumika katika kishazi tegemezi ikiwa kitenzi kikuu, mathalani cha kutaka au kuogopa, kiko katika wakati uliopita. Limetokana na Kilatini. Huundwa kutoka nafsi ya pili umoja ya passé simple (wakati uliopita sahili): tu parlas huzaa que je parlasse na que nous parlassions; tu finis huzaa que je finisse; tu vins huzaa que je vinsse. Nafsi ya tatu umoja ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwani huishia kwa -t na irabu huvikwa alama ya kofia (^): parlât, finît, fût, vînt. Kofia ikisahauliwa, fût hugeuka fut, yaani passé simple, na sentensi huharibika. Katika mazungumzo nafasi yake imeshikwa na subjonctif présent (dhamira tegemezi ya wakati uliopo), lakini katika maandishi ya kifasihi bado lina uzuri wake.