Miaka Mia ya Ushauri Usiojibiwa: Funzo la Bellevue na Johannesburg

Mtaa wa Rockey unapita Bellevue, jijini Johannesburg, kisha ukiingia Yeoville hubadili jina na kuitwa Raleigh. Hapo Kiswahili cha Mtanzania na cha Mkongo husikika kwenye meza za wachuuzi, kando ya Kizulu, Kilingala na Kifaransa. Wengi wa wageni hao hawapigi kura Afrika Kusini, kwa hiyo mwanasiasa hapotezi kitu akiwapa kisogo. Ndiyo maana eneo hili limejijengea vyombo vya kulisemea: Jukwaa la Wadau wa Yeoville, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Yeoville na Bellevue, na African Diaspora Forum, shirika lililozaliwa mwaka 2008 baada ya mashambulizi dhidi ya wageni yaliyoua watu 62. Vyombo kama hivi vikiketi meza moja na serikali vinapata nini hasa? Historia ya Johannesburg ina jibu: ushauri wa wananchi hupata nguvu pale tu anayeshauriwa anapobanwa ajibu.

Mabaraza ya ushauri hayakuletwa na demokrasia. Sheria ya Wenyeji Katika Maeneo ya Mijini ya mwaka 1923 ndiyo iliyoanzisha bodi za ushauri katika vitongoji vya Waafrika. Bodi hizo ziliruhusiwa kusema, lakini halmashauri ya Wazungu haikulazimika kusikiliza. James Mpanza aliujua ukweli huo kutoka ndani, kwani alikuwa mjumbe wa bodi ya kitongoji cha Orlando. Nyumba zilikuwa zimejaa wapangaji hadi pomoni, na malalamiko ya miaka mingi hayakuzaa kitu. Mwaka 1944 aliongoza familia zisizo na makazi kwenda kwenye ardhi tupu ya halmashauri, wakajenga vibanda vya magunia. Hapo ndipo halmashauri iliposhtuka, na hatimaye ikajenga makazi ya muda Orlando West. Maneno matupu yalikuwa yameshindwa kuvunja mfupa, na watu wakajifunza kwamba njia ya kusikilizwa ni kuondoka kikaoni.

Serikali ya ubaguzi wa rangi haikujifunza. Mwaka 1961 ilitunga sheria ya mabaraza mapya ya Waafrika wa mijini, na wakazi wa Soweto wakayabandika jina la vilabu vya wavulana wasio na faida. Baada ya maasi ya wanafunzi ya Juni 1976 baraza la Soweto lilisambaratika, na mwaka 1977 wakazi wakaunda Kamati ya Watu Kumi chini ya Dkt. Nthato Motlana. Kamati hiyo haikuwa na kiti popote serikalini, ila ilikuwa na watu nyuma yake. Mgomo wa kutolipa kodi za nyumba ulipoanza mwaka 1986, mamlaka zililazimika mwishowe kuzungumza na viongozi ambao watu wenyewe waliwakubali, na mwaka 1990 yakapatikana Makubaliano ya Soweto. Waliokuwa na kiti bila watu wakasahaulika, na waliokuwa na watu bila kiti wakaletewa kiti.

Demokrasia ilipokuja, funzo hilo liliandikwa katika sheria, japo nusu tu. Sheria ya mwaka 1997 ya mashirika yasiyolenga faida inaitaka kila taasisi ya dola ipange sera zake kwa namna itakayoyaimarisha mashirika hayo. Sheria ya Miundo ya Manispaa ya mwaka 1998 ikaruhusu kamati za kata, zenye diwani kama mwenyekiti na wajumbe wengine wasiozidi 10. Lakini tuifuate safari ya pendekezo moja la kamati hiyo, tuseme la taa za barabarani. Linapelekwa kwa diwani, au kwa baraza la manispaa kupitia kwa diwani huyohuyo. Likimkera, anaweza kulikalia, na hakuna kifungu kinachoipa kamati njia nyingine ya kupita. Mlango umefunguliwa kweli, ila ufunguo umebaki mfukoni mwa mtu mmoja.

Nusu iliyokosekana ilitolewa na Mahakama ya Katiba, tena kwa kesi ya jirani. Mtaa wa Olivia uko Berea, hatua chache kutoka Yeoville. Jiji lilitaka kuwatoa wakazi zaidi ya 400 katika majengo mabovu bila kuzungumza nao. Katika hukumu ya Februari 2008, iliyoandikwa na Jaji Zak Yacoob, mahakama ilisema manispaa lazima kwanza ishauriane na wakazi kwa dhati, na iweke kumbukumbu kamili ya mashauriano hayo. Ikasema usiri unayaharibu, na kwamba asasi za kiraia zinazowaunga mkono wakazi zinafaa kuyawezesha. Tangu hapo shirika dogo linaloandika muhtasari wa kikao lina silaha ambayo Mpanza hakuwa nayo: karatasi inayoweza kusomwa mbele ya jaji.

Wapo wanaouliza: mashirika haya yamechaguliwa na nani? Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo sababu kazi yao ibaki kushauri, uamuzi ubaki kwa waliopigiwa kura. Lakini kujibu si kutii. Kesi ya Merafong, kusini-magharibi mwa Johannesburg, inaonyesha tofauti hiyo. Wakazi wa Khutsong, kitongoji cha Merafong, walipinga kuhamishiwa jimbo la North West. Bunge la jimbo la Gauteng kwanza lilikubaliana nao, kisha likageuka bila kurudi kuwaeleza sababu. Mwaka 2008 mahakama iliona kwamba hilo halikuvunja Katiba. Khutsong ilikwishawaka moto wa maandamano, na mwaka 2009 eneo hilo likarudishwa Gauteng. Jibu la heshima lingegharimu kikao kimoja.

Wengine husema mgeni hana haki ya kumshauri mwenyeji. Sheria ya Mifumo ya Manispaa ya mwaka 2000 haisemi hivyo. Inapoeleza jamii ni nani, inawataja wakazi, walipa kodi za majengo, asasi za kiraia, hata wageni wanaotumia huduma za manispaa, na inawataja maskini kwa namna ya pekee. Haidai uraia. Mchuuzi wa Mtaa wa Rockey anayetumia maji na soko la jiji ni sehemu ya jamii hiyo kwa maandishi ya sheria yenyewe.

Kwa hiyo wito kwa wasomaji walioko Bellevue, na kwa walioko Kenya, ambako Katiba ya mwaka 2010 inazitaka kaunti ziwashirikishe wananchi, ni mmoja. Tusiridhike na kuitwa kikaoni, kupewa soda na kusaini daftari la mahudhurio. Kabla ya kutoka tudai mambo mawili: muhtasari wa tuliyosema, na tarehe ambayo tutajibiwa kwa maandishi. Baraza lisilotoa hivyo viwili halijatofautiana na bodi za mwaka 1923.