Mombasa hadi Nairobi kwa gari la umeme: piga hesabu kabla ya kutoka

Kwa mizunguko ya Nyali, Likoni na Mtwapa, gari la umeme halina shida. Unalichaji nyumbani usiku, asubuhi unatoka. Mtihani ni safari ya bara, kilomita 480 na ushei, tena ukiwa na watoto nyuma.

Anza na karatasi za gari. Nissan Leaf ya betri ya uniti 40 (uniti hizi ni zile zile unazonunua kwa tokeni) iliandikiwa kilomita 400 kwao Japani. Lilipopimwa Marekani, gari hilo hilo lilipewa kilomita 243. Amini hii ya pili, na hiyo ni betri ikiwa mpya. Kwenye dashibodi kuna vijistari 12 vya afya ya betri. Kikipotea cha kwanza, betri imeshapungua kama asilimia 15. Muuzaji akikwambia "iko sawa tu", vihesabu kwanza.

Halafu kuna mlima ambao wengi hawauoni, kwa kuwa barabara inapanda polepole. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Kuliinua gari la tani 1.8, pamoja na abiria na mizigo, hadi kimo hicho kunakula zaidi ya uniti 8, mbali na umeme wa kwenda mbele. Hiyo ni zaidi ya moja ya tano ya betri ya Leaf. Ndiyo maana kwenda na kurudi ni safari mbili tofauti.

Mwendo nao una bei yake. Ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, upepo unaokuzuia unakaribia kuongezeka maradufu. Kwa mara moja, msururu wa matrela unakusaidia.

Kwa mwendo wa 80 na betri nzima, Voi inafikika bila wasiwasi. Ni kama kilomita 155, nawe unabakiwa na takriban robo ya chaji. Usijaribu kuunganisha na hiyo robo. Kutoka Voi hadi Mtito Andei ni karibu kilomita 100, na sehemu kubwa inapita Tsavo. Humo njiani nyumba za kubisha hodi ni chache, na ndovu hawaulizi kama umeishiwa na chaji. Jaza Voi. Kutoka Mtito nako Nairobi haifikiki kwa mruko mmoja. Panga kusimama tena Makindu au Emali.

Kituo cha kuchajia kipigie simu siku moja kabla, uulize mambo mawili: je, mashine inafanya kazi, na ina plagi gani? Leaf hutumia CHAdeMO, magari mengi ya Ulaya CCS, na baadhi ya yale ya China GB/T. Plagi isiyoingia ni sawa na kutokuwa na kituo. Uliza pia kama wana jenereta, maana stima zetu tunazijua.

Pasipo na mashine ya kasi, tafuta hoteli yenye soketi salama na maegesho, lala. Soketi ya kawaida inatoa takriban uniti 20 kwa saa 10. Elewana na mwenye hoteli kuhusu bei kabla hujachomeka. Kwenye mashine ya kasi, ondoka ikifika asilimia 80, kwani zinazobaki huingia polepole. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza, kwa hivyo ukichaji kwa kasi mara mbili tatu katika jua la mchana, chaji itapungua kasi yenyewe. Safari ya alfajiri ni bora.

Wakati wa kurudi, mteremko unakupunguzia matumizi, na ukikanyaga breki gari linarudisha umeme kidogo kwenye betri. Hata hivyo, usiruke Mtito wala Voi bila kutazama asilimia zako, na weka kwenye simu nambari ya gari la kuvuta lenye kitanda. Gari la umeme halifai kuburutwa kwa kamba magurudumu yakiwa chini, kwani mota inaweza kuharibika.