Kuwashirikisha ndugu na marafiki katika mpango wa matunzo ya mzee (Kinole, Uluguru)

Mpango wa matunzo ni makubaliano ya namna mzee asiyejiweza atakavyoishi: nani anampikia, nani anamhesabia vidonge vya presha, nani anapigiwa simu usiku hali ikibadilika, na siku akifariki azikwe wapi. Katika makazi ya wazee makubaliano hayo huandikwa kwenye jalada la mkazi. Nyumbani hubaki vichwani mwa watu. Kote kuwili, yanategemea sana nani aliitwa kikaoni.

Kinole ni kata ya Wilaya ya Morogoro Vijijini, kwenye mteremko wa mashariki wa Milima ya Uluguru, nchi ya ndizi, mananasi na viungo. Ndiko kwenye makao ya machifu Kingalu, ambao jina lao limepewa soko kuu la Morogoro. Makazi ya wazee ya serikali yaliyo karibu ni Fungafunga, mjini Morogoro. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomhesabu mzee kuanzia miaka 60, inaweka jukumu la matunzo kwa familia na jamii kwanza. Makazi ni kimbilio la mwisho la asiye na wa kumtunza. Kwa hiyo jalada la mkazi huweza kuanza na dhana kwamba mtu huyu hana ndugu.

Kwa Mluguru dhana hiyo inahitaji kuchunguzwa. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo hufuata mkondo huohuo. Mwanamume aliyeoa na kulima kwenye ardhi ya ukweni amezaa watoto wa ukoo wa mke wake; watu wake hasa ni dada zake na wapwa zake. Akiulizwa, "Mzee, una watoto?" akajibu hana, fomu itajazwa na kufungwa, na huku mpwa wake yuko Kinole anapalilia migomba. Swali la kufaa ni hili: "Dada zako ni kina nani, na watoto wao wako wapi?" Kwa mwanamke mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa watoto wake ni wa ukoo wake mwenyewe.

Shamba nalo lazima lizungumzwe waziwazi. Mzee akiteremshwa mjini, migomba yake ataitunza nani, na fedha ya mikungu itakayouzwa itamfikia kwa mkono wa nani? Jambo hilo likiachwa kimya, ziara za ndugu hupungua kwa aibu na ugomvi, wala si kwa kukosa upendo. Ndiyo sababu ni busara mzee asikilizwe kwanza akiwa peke yake, kabla ndugu hawajaketi: wapo wanaomtakia mema, na wapo wanaolitazama shamba.

Marafiki husahaulika kabisa, nami naona hilo ni kosa kubwa. Jirani wa miaka mingi anajua kwamba mzee haoni vizuri jioni lakini anaficha, au kwamba anaacha dawa siku asiyokula. Wenzake wa msikitini au kanisani ndio watakaokuja kumtazama mpwa anapobanwa na kilimo. Watani nao wana nafasi yao msibani, hivyo hata habari ya maziko isipangwe bila wao.

Kwingineko mambo haya yamewekwa kwenye sheria. Uingereza na Wales, sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa akili inataka wanaomjali mtu washauriwe, inapowezekana, kabla ya kumwamulia asiyeweza kuamua mwenyewe. Marekani, mageuzi ya mwaka 1987 yalizipa familia za wakazi haki ya kukutana kama kikundi ndani ya nyumba za matunzo.

Morogoro kuna njia isiyosubiri sheria mpya. Afisa ustawi wa jamii anayempokea mzee kutoka Kinole ampigie simu mwenyekiti wa kijiji, amtafute mpwa, na aandike jina la rafiki mmoja, kabla hajaandika kwamba mzee huyu hana mtu.