Nani Hushika Saa? Ulinganishaji wa Saa katika Mpito wa Njia Kuu za Simu, Iringa na Mbeya

Historia ya simu nchini Tanzania imezoeleka kusimuliwa kwa kufuata taasisi na miundombinu. Husimuliwa kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, ambako kulilazimu nchi kuwa na Shirika lake la Posta na Simu. Kuanza kwa Kampuni ya Simu Tanzania (TTCL) mwaka 1994 baada ya shirika hilo kugawanywa. Kisha ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza mwaka 2009 na kupita Iringa na Mbeya kuelekea mpaka wa Tunduma. Masimulizi hayo ni sahihi, lakini huacha kando saa ya mtambo. Hoja ya insha hii ni kwamba njia kuu za simu za kidijitali zinapobadilishwa kuwa za intaneti, mamlaka ya kushika saa nayo huhama pamoja na sauti.

Saa inayozungumziwa hapa si ya ukutani. Ni mapigo yanayouelekeza mtambo wakati wa kupima sauti na wakati wa kutuma kipimo hicho. Katika simu za kidijitali sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde. Njia ya aina ya E1 hubeba nafasi 32, kati ya hizo 30 zikiwa za mazungumzo, kwa kasi ya kilobiti 2,048 kwa sekunde. Mzunguko mmoja wa nafasi hizo, yaani fremu, huchukua sehemu 125 za milioni ya sekunde. Kwa hiyo, saa za mitambo miwili zikitofautiana kwa sehemu moja tu katika milioni, fremu nzima hupotea au hurudiwa kila baada ya sekunde 125. Mzungumzaji husikia mkwaruzo mfupi na kuendelea. Faksi yaweza kuharibika.

Ili kuepuka hali hiyo, mitandao ilipangwa kwa ngazi: saa ya rejea huwa juu, na mitambo ya chini huifuata. Kwa utaratibu huo, mtambo wa ofisi uliopo Iringa au Mbeya hupokea saa kupitia njia ileile inayobeba mazungumzo. Saa haina ankara yake wala fundi wake. Huja pamoja na waya.

Njia ya intaneti haiji na zawadi hiyo. Sauti hukatwa katika pakiti, aghalabu za milisekunde 20, nazo hufika kwa kuchelewa kusikolingana. Yaweza kudaiwa kwamba tatizo hili ni dogo, kwa kuwa kifaa cha kupokea huweka akiba ya pakiti na kusawazisha tofauti hizo. Dai hilo lina ukweli pale simu zote mbili zinapotumia itifaki ya intaneti. Hata hivyo, akiba hutibu ucheleweshaji, haitibu saa zinazokwenda kwa kasi tofauti. Tofauti ya sehemu 50 katika milioni huzidisha au hupunguza pakiti moja kila baada ya sekunde 400.

Ugumu huongezeka pale taasisi inapobakiza mtambo wake wa zamani na kuuunganisha na intaneti kupitia kifaa cha lango. Tuchukulie ofisi ya Iringa yenye tawi Mbeya. Mtambo wa ofisi bado umewekwa kufuata saa ya njia ya nje. Lango nalo limewekwa kufuata mtambo. Kila kimoja humfuata mwenzake, na hakuna anayeongoza. Simu huita na watu huzungumza, lakini fremu hupotea na lawama huelekezwa kwenye nyaya. Suluhisho ni uamuzi kabla ya kuwa kifaa: kimoja kiteuliwe kuongoza, na kipewe rejea ya kuaminika.

Kwa mantiki hiyo, mpito huu hauwezi kupimwa kwa kilomita za mkongo pekee. Jukumu lililokuwa la mwenye mtandao hushuka hadi kwa fundi wa taasisi, mara nyingi bila kutajwa katika mkataba. Mtafiti anayetegemea mikataba na taarifa za ununuzi hatalikuta humo. Atalikuta katika vitabu vya matengenezo, kwenye hitilafu zilizojirudia ambazo sababu yake haikuandikwa.