Galileo: Aliyeogopa Ufunguo wa Mwenzake

Hadi Mei 2000, Marekani iliivuruga kwa makusudi ishara ya GPS iliyotolewa kwa raia. Kifaa cha baharia kiliweza kukosea kwa mita 100 hivi, ilhali jeshi lake lilipata usahihi wa juu zaidi. Rais Clinton aliuondoa uvurugaji huo, lakini Ulaya ilikwisha kuona ni nani aliyeshika ufunguo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ikashikilia mpango wake wa Galileo. Desemba 2001, Paul Wolfowitz, naibu waziri wa ulinzi wa Marekani, aliwaandikia mawaziri wenzake wa Ulaya kuonyesha wasiwasi wake juu ya mpango huo.

Hata hivyo, Ulaya nayo ilipopata ufunguo, iliutumia. China ilijiunga mwaka 2003 ikiahidi euro milioni 200. Ilipowekwa kando katika maamuzi nyeti, ilielekeza nguvu kwenye mfumo wake, BeiDou, uliokamilika mwaka 2020. Uingereza ilichangia fedha na utaalamu. Ilipoamua kujitoa katika Umoja wa Ulaya, ikazuiwa kushiriki katika huduma ya siri ya serikali na majeshi, kwa kanuni ilizopitisha yenyewe ilipokuwa mwanachama.

Leo mifumo inayoenea dunia nzima ni minne: ya Marekani, Urusi, Ulaya na China. Waafrika tunaitumia kila siku katika meli, ndege na simu zetu. Ikiwa Uingereza ilifungiwa mlango wa nyumba iliyosaidia kuijenga, sisi tusiochangia hata tofali tunategemea ahadi ya nani?