Mchoraji wa theluji chini ya jua la Nairobi

Mei 1909 Akseli Gallen-Kallela, mchoraji aliyetajwa kuliko wote nchini Finland, alifungasha brashi, rangi na bunduki, akamchukua mkewe Mary na watoto wao wawili, Kirsti na Jorma, wakashika safari ya Nairobi. Alikuwa na miaka 44. Nairobi yenyewe ilikuwa mji mchanga, ina miaka kumi tu tangu reli ya kutoka Mombasa ifike hapo mwaka 1899. Theodore Roosevelt, aliyetoka kumaliza urais wa Marekani, alikuwa ameshuka Mombasa mwezi Aprili kuwinda, na dunia ilikuwa ikifuatilia simba anaowaangusha. Mfini aliingia bila kelele.

Alizaliwa mwaka 1865 Pori, magharibi mwa Finland, wakati nchi hiyo ikiwa chini ya himaya ya Urusi. Jina lake la awali lilikuwa Axel Gallén, na hilo la Kifini alilichukua rasmi mwaka 1907. Ujana wake wa sanaa ulikuwa wa uhalisia mtupu. Alipokuwa na miaka 19 alichora “Mvulana na Kunguru”: mtoto wa kijijini, miguu peku, amesimama kwenye nyasi akimkodolea macho kunguru aliye chini. Hakuna mlima wa kupamba nyuma wala mawingu ya dhahabu. Nyasi zimejaa karibu turubai nzima. Mwaka uleule akaenda Paris kusoma Académie Julian, ambako vijana wengi walimhusudu Jules Bastien-Lepage, Mfaransa aliyewachora wakulima mashambani mwao jinsi walivyo.

Mwaka 1885 ikafuata “Bibi Kizee na Paka”. Mgongo umepinda, uso umechakazwa na jua na kazi, na mchoraji hakumpunguzia bibi huyo kunyanzi hata moja. Wapo walioiona ni mbaya. Watu wa mjini walizoea kuning'iniza ukutani mkulima aliyeoshwa na kuvalishwa vizuri, na huyu hakuwa amevalishwa kwa ajili yao.

Umaarufu wake mkubwa, hata hivyo, ulitokana na Kalevala, utenzi ambao Elias Lönnrot aliukusanya kutoka kwa waimbaji wa vijijini na kuuchapisha mwaka 1835. Wengi husema hapo ndipo alipouacha uhalisia. Sikubaliani nao. Tazama “Mama wa Lemminkäinen” ya mwaka 1897: mama ameketi ufukweni mwa mto wa wafu, kando ya maiti ya mwanawe, uso ameuinua juu. Hadithi ni ya kale, lakini aliyekaa ili achorwe ni mama yake mzazi. Miaka miwili nyuma yeye mwenyewe alikuwa amempoteza bintiye mdogo, Marjatta, aliyekufa kwa dondakoo baba akiwa Berlin kwenye maonyesho aliyoyafanya pamoja na mchoraji Edvard Munch. Uso ule haukutoka kitabuni.

Alikuwa pia mchora sura asiye na haya. Mwaka 1894 alijichora mezani, chupa zimesimama mbele, pamoja na rafiki zake watunzi na wapiga muziki, Jean Sibelius akiwamo, wote macho yamelegea. Picha hiyo, “Simposio”, ilizua maneno mengi Helsinki. Mwaka 1907 mtunzi wa muziki Gustav Mahler alipopita Finland, alimchora akiwa ameketi kwenye mwanga wa moto wa mekoni, nusu ya uso gizani. Kuhusu mandhari, anayefika National Gallery ya London ataikuta “Ziwa Keitele” ya mwaka 1905: maji ya rangi ya fedha, yamekatwa na mikanda ya kijivu iliyopinda pale upepo ulipopita.

Mtu aliyekomaa namna hiyo ndiye aliyekuja kukutana na jua letu. Kule kwao, majira ya baridi, jua hutambaa chini karibu na upeo wa macho. Vivuli ni virefu, theluji ina ubuluu, na mchoraji ana saa nzima ya kupima kila rangi. Nairobi, nyuzi moja tu na ushei kusini mwa Ikweta, jua la saa sita hukaa utosini na kivuli hujificha chini ya nyayo. Hapo mbinu ya kujenga umbo kwa kivuli haifanyi kazi. Akaanza kuchora kwa kasi, picha ndogo ndogo, rangi kavu zisizochanganywa sana: nyekundu ya udongo, njano ya nyasi, zambarau ya milima ya mbali. Katika muda usiofika miaka miwili alichora picha zaidi ya 150 za rangi za mafuta, na hata anayezipenda Kalevala zake hukiri kwamba mkono umebadilika.

Kwangu mimi, mandhari za Kenya zinazishinda sura za watu alizochora huku. Yule bibi mwenye paka alikuwa mtu wa nchi yake. Huku alikuwa mgeni ndani ya ukoloni wa Waingereza, mwindaji na mkusanyaji wa vifaa vya wenyeji, na mtu hachoreki kwa undani akiwa anatazamwa kutoka juu ya farasi. Milima haikumdai urafiki.

Alirudi Finland mwaka 1911 na kujenga nyumba yenye karakana huko Tarvaspää, nje kidogo ya Helsinki. Mwaka 1928 alichora upya, kwenye dari ya Makumbusho ya Taifa, picha za Kalevala alizozitengenezea banda la Finland katika maonyesho ya dunia ya Paris mwaka 1900. Alifariki Stockholm kwa nimonia Machi 1931, akiwa njiani kurudi kutoka Copenhagen. Kitabu chake kuhusu Afrika kilitoka mwaka huohuo, kwa Kifini, na Tarvaspää imekuwa makumbusho yake tangu 1961.